Mto wa Kaiti Haujakauka, Umejificha

Wacha nianze na swali dogo. Mto ulio karibu na ushago wenu unaitwaje? Usiniambie Tana, usiniambie Nzoia. Nataka ule mdogo, ule mnaovuka mkienda sokoni, ule mamako alikuwa anatumwa kuchota maji akiwa darasa la tatu. Wengi wetu tunaweza kutaja Nile, Amazon na Mississippi bila kufikiria, kwa sababu zilikuwa kwenye mtihani. Huo mdogo haukuwahi kuwa kwenye mtihani, kwa hivyo hatuujui.

Wetu unaitwa Kaiti. Uko Makueni. Miezi mingi ya mwaka ukisimama kwenye daraja huoni maji hata tone. Unaona mchanga, mpana kama barabara ya njia nne, umekunjwa kunjwa na mafuriko ya mwisho. Unaona punda wamebeba mitungi, na watoto wanapiga boli katikati ya mto, magoli ni mawe mawili. Rafiki yangu mmoja wa Kisumu nilimwonyesha picha akaniuliza, "Buda, hii si barabara?" Kwake mto ni kitu kinachotembea. Nikamwambia huu pia unatembea, ila chini kwa chini.

Niliujua vizuri baada ya kuacha chuo. Karo ilinishinda mwaka wa pili, nikatoka. Sitaki pole, hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini keja ya Pipeline haingojei mtu apate mpango, kwa hivyo nilienda kukaa kwa susu miezi minne. Kama wewe si Mkamba, susu ni nyanya. Kwa susu hakuna Wi-Fi, na simu inapata mtandao ukisimama karibu na mwembe. Nikawa na muda mwingi kuliko vile nimewahi kuwa nao. Siku moja mimi na binamu yangu tukaamua kuufuata mto kwa miguu, tuone unatoka wapi. Ilituchukua siku mbili, na usiku tulilala kwa jamaa wa mama yake.

Unatoka juu, kwenye vilima vya Kilungu. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza iliyonishangaza. Watu wa Nairobi wakisikia Makueni wanafikiria joto na vumbi. Enda Nunguni mwezi wa saba bila sweta halafu tuongee. Vilima vya Kilungu na vya Mbooni vinapanda mpaka kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko mvua ni ya kutosha, milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka, na watu wanalima kahawa, parachichi na mboga. Halafu unashuka. Miti inapungua, udongo unabadilika rangi, miembe na michungwa inaanza. Ukifika upande wa Wote na kuendelea chini, jua linakuwa jua kweli. Sehemu za chini za kaunti hiyo hiyo zinapata milimita 300 au 400 tu.

Sasa fikiria mto kama mfereji unaounganisha hizo dunia mbili. Mvua inanyesha kwenye baridi, maji yanahitajika kwenye joto. Kaiti unashuka kuelekea mashariki, unapita eneo la Wote, unaingia kwenye mto Thwake, na Thwake unaingia Athi. Watu wa vilimani wana mvua, watu wa chini wana mto. Hiyo ndiyo jiografia yote ya kwetu.

Lakini mvua yenyewe haiji polepole. Ukambani kuna misimu miwili: Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Desemba, na huo wa pili ndio tunaoutegemea zaidi. Ikianguka huko juu, maji yanashuka kwa fujo. Unaweza kuwa umesimama chini, jua linawaka, mbingu haina wingu, na mto unakuja. Kwanza unasikia sauti kama lori linapanda mlima. Halafu maji ya rangi ya chai ya maziwa, na magogo, na mara nyingine mbuzi wa mtu. Baada ya saa chache au siku chache, yamepita. Mtu mgeni anasema, basi maji yameenda, mto umekauka.

Hayajaenda yote. Miamba ya Ukambani ni ya zamani sana, na ikimomonyoka inatoa mchanga mnene, chembe kubwa kubwa. Mafuriko yanabeba kila kitu, lakini udongo laini unaenda mbali na mchanga unatua. Miaka kwa miaka mchanga unajaa juu ya mwamba, kama vile umejaza mchele kwenye sufuria. Katikati ya chembe kuna nafasi. Maji yanaingia humo na kukaa. Mchanga mzuri unaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake, hata zaidi. Jua linakausha ya juu, lakini ukishuka kama mita moja, joto haliyafikii vizuri. Mbu hazalii humo. Ng'ombe haingii humo. Na yakipita kwenye mchanga yanachujika.

Kwa hivyo watu wa kwetu hawachoti maji mtoni, wanayachimba. Shimo hilo kwa Kikamba ni kithima. Unakaa chini, unachimba kwa mikono na kibuyu au kopo, unangoja. Maji yanapanda pole pole, masafi. Susu aliniona siku ya kwanza nikichota kwenye kidimbwi kilichobaki kando ya mwamba, akacheka mpaka akashika mgongo. "Hayo ya juu ni ya mbuzi," akasema. "Ya watu yako chini."

Nimekaa darasani miaka kumi na tano na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza mto kwa maneno machache hivyo.

Na usifikirie watu wamekaa tu wakingoja mungu wa mchanga. Miaka ya 1930 wakoloni walisema Machakos inaisha, udongo unaenda, na dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza Wakamba maelfu mpaka Nairobi kukataa. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya Machakos. Baadaye watu wenyewe walichimba matuta mlima kwa mlima, yale yanaitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unaurusha upande wa juu, mvua ikija inasimama badala ya kukimbia na shamba lako. Jina hilo, fanya juu, liko kwenye vitabu vya kilimo vya Kiingereza hivyo hivyo, bila kutafsiriwa. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos kikionyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Ukitembea kutoka Wote kupanda Kilungu unaiona kazi hiyo kwa macho. Milima imechanwa kama nywele.

Halafu kuna mabwawa ya mchanga. Hii kitu ni rahisi mpaka inakasirisha. Unatafuta mahali mto ni mwembamba na mwamba uko karibu. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, umekaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga unanasa nyuma ya ukuta, udongo laini unapita juu. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na mchanga umejaa maji. Ukingo wa mto nao unakunywa, visima vya jirani vinapanda. Pale karibu na kwetu kuna mmoja uliojengwa na kikundi cha kina mama kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja: leo tuko kwako, kesho tuko kwangu. Walibeba mawe kichwani. Susu alikuwa mmoja wao, na mpaka leo akipita hapo anaugusa ukuta kwa fimbo kama mtu anayesalimia jirani.

Sasa tuje kwa lori.

Mchanga huo mnene, msafi, uliooshwa na mto bure, ndio mchanga ambao mjengo unapenda. Nairobi inajengwa kila siku. Kila slabu, kila plasta, kila nguzo inahitaji mchanga, na mchanga haukui Kilimani. Unatoka Machakos, Makueni, Kitui na kwingine, unapandishwa na vijana wenye koleo, unaenda mjini usiku. Mwaka wa 2015, gavana akiwa Kivutha Kibwana, Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, ukitaka kuchota lazima uwe na kibali na mahali paliporuhusiwa. Ilikuwa lazima. Watu wamepigana na kuuana Makueni kwa sababu ya mchanga. Hata hivyo lori hazijaisha. Zimejifunza tu kuzima taa.

Ukitoa mchanga mpaka mwamba, sio mchanga tu umetoa. Umetoa tangi. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye mwamba kama kwenye vigae, hakuna cha kuyashika. Mto unakata kingo, miembe inaanguka, shamba linapungua futi kwa futi. Kwenye kona moja chini ya kwa susu, mchanga ulichotwa mpaka mawe yakabaki uchi. Susu anasema zamani kithima cha hapo kilikuwa kinafika mwezi wa kumi, mvua inakikuta bado kina maji. Sai mwezi wa saba kimekauka. Kutoka hapo mpaka kwenye ukuta wa kina mama ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu ya susu, na kurudi na mtungi ni zaidi.

Na mchanga wa kona hiyo najua ulienda wapi, kwa sababu sehemu yake ilikuwa mimi. Mjomba aliuza lori kadhaa nilipoingia chuo. Alilipwa elfu moja na mia tano kwa lori, lori ambalo likifika Nairobi linauzwa makumi ya maelfu. Hakuna aliyeniuliza, na mjomba hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa na mto upande mmoja na barua ya karo upande mwingine, na benki haikopeshi mtu kwa sababu ana mto. Ukitaka kuelewa kwa nini mchanga unaisha, anza na hiyo barua kabla ya kuanza kumtukana dereva.

Nikiwa huko, broka alirudi. Jamaa mpole, viatu visafi, alileta sukari na unga. Alitaka kona ya juu, ile iliyo karibu na ukuta. Mjomba ana msichana anayeingia sekondari, na karo haikuwepo. Tulikaa chini ya mwembe, watu wa familia tu. Mjomba akaongea vizuri: msichana ana alama, mchanga utarudi mvua ikinyesha, mto haujawahi kuisha tangu babu. Na ni kweli, mchanga hurudi. Lakini hurudi polepole, na ukuta ukishachimbwa chini unapasuka, na hapo hakuna kitu cha kuushika tena.

Nilisema hivyo. Mjomba akaniangalia akasema, "Wewe ulisoma na huo mchanga. Sasa zamu ya mwingine imefika ndio umekuwa daktari wa mito?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hoja yake ni ya haki. Susu ndiye aliyefunga mjadala. Shamba bado liko kwa jina la marehemu babu, na hakuna anayeweza kuuza kitu bila yeye. Akasema, "Karo ya mchanga ni ya muhula mmoja. Muhula wa pili mtamuuzia mwamba?" Kisha akasimama akaenda kufungulia mbuzi.

Ng'ombe mmoja aliuzwa. Kina mama wa kikundi walichanga. Mimi nilituma pesa kidogo niliyopata kwa kutengenezea duka moja la Wote video tatu. Msichana yuko shule. Muhula huu umelipwa, ujao hatujui. Mjomba hapokei simu zangu, na nikipiga kwa susu akiwa hapo karibu anatoka nje. Nawaambia hivyo ili msidhani kulinda mto ni picha ya mtu amekumbatia mti. Kuna mtu kwenu atakosa kitu, na kuna uwezekano ni mtu aliyewahi kukusaidia.

Turudi kwenye ramani, kwa sababu mto haujaisha pale kwetu. Kaiti umeingia Thwake, Thwake umeingia Athi. Hapo hapo, chini kidogo ya makutano, ndipo linajengwa bwawa la Thwake, mradi uliozinduliwa 2018, ukuta wa kama mita 80, wa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Watu wa Makueni na Kitui wanalingoja. Lakini kumbuka Athi unatoka wapi. Mto Nairobi, na kila kitu ambacho jiji linamwaga ndani yake, unaingia Athi huko juu. Kwa hivyo fanya hesabu: mchanga wetu unapanda Nairobi kwa lori, uchafu wa Nairobi unashuka kwetu kwa mto. Hiyo ni biashara gani?

Kutoka hapo Athi unafuata ubavu wa Yatta, ule mwinuko mrefu ulioachwa na lava, unakutana na mto Tsavo unabadilisha jina kuwa Galana, halafu unaitwa Sabaki, na unaingia Bahari Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Ukienda Malindi wakati wa mvua utaona bahari imekuwa ya kahawia. Watalii wanalalamika, matumbawe yanafunikwa na tope. Hilo tope ni mashamba ya watu wa bara. Kuna kijiko cha Kilungu ndani yake. Kila tuta la fanya juu linalobomoka bila kurekebishwa, mvuvi wa Malindi anapata risiti.

Nimerudi Nairobi sasa, Pipeline. Mnaijua: magorofa yamebanana mpaka ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani wa jengo lingine. Maji ya bomba kwetu huja yanapojisikia, kwa hivyo tunanunua kwa mtungi, na kijana anayapandisha mpaka ghorofa ya sita mgongoni. Juzi plasta ya ngazi ilibanduka nikaokota kipande. Ndani yake kuna chembe zile zile, kubwa, nyeupe, zinang'aa kidogo. Siwezi kuapa ni za Kaiti. Lakini zilitoka kwenye mto wa mtu. Mahali fulani mchanga huu ulikuwa umeshika maji. Tumeutoa, tumeujengea nyumba, na ndani ya nyumba hakuna maji. Hapa tunabeba mtungi, na kule susu anabeba mtungi.

Sina suluhisho la kubandika hapa chini na vidole gumba. Najua Nairobi haitaacha kujenga na siwezi kukuambia ulale nje. Lakini kuna vitu vinawezekana. Kuna mchanga wa kusagwa kutoka kwa mawe ya machimbo, na wajenzi wengine wanautumia. Kibali cha mchanga ni kitu kinachoweza kuulizwa, na mteja akiuliza mkandarasi hawezi kujifanya hajasikia. Lori likitoa mchanga mahali paliporuhusiwa, pesa ya maana inafaa ibaki hapo, kwa kuta mpya na kwa karo, ndiyo mtu asilazimike kuchagua kati ya mtoto na kisima. Na kaunti zenye mito ya mchanga zihesabu kuta hizi kama zinavyohesabu barabara, maana zinafanya kazi mvua zikipotea.

Kwako wewe unayesoma, naomba kitu kidogo tu. Ukienda ushago Desemba, usikae kwa simu siku zote kumi. Uliza mto unaitwaje. Uliza unatoka wapi, unaingia wapi, kisima kilikuwa kinakauka mwezi gani zamani na sai kinakauka mwezi gani. Andika majibu, kwa sababu wanaoyajua wana miaka themanini na hawana mtu wa kuwaambia. Kisha ufuate kwa miguu, hata kilomita tano tu. Na ukiona mchanga mtupu, kabla ya kusema mto umekufa, piga magoti uchimbe kidogo, ungoje.